Kuvuja kwa ndani katika haidroliki ya magurudumu ya ndege

Fundi wa ndege anaposema kwamba haidroliki ya magurudumu, yaani mfumo wa kuyapandisha na kuyashusha kwa presha ya mafuta, inavuja kwa ndani, ana maana kwamba mafuta yanapenya kutoka upande wenye presha kwenda upande usio na presha, humo humo ndani ya mfumo, bila tone hata moja kudondoka sakafuni. Aliyewahi kunyanyua lori kwa jeki ya chupa kwenye gereji za Uyole anaifahamu hali hii: jeki ni kavu kwa nje na mafuta yake yamejaa, lakini ukigeuka kuchukua spana unakuta lori limeshashuka vidole viwili.

Katika ndege ndogo ya injini mbili kama Piper Seneca, magurudumu yakishapanda hayaning'inizwi kwenye ndoana yoyote, bali hushikiliwa juu na presha ya mafuta peke yake. Pampu ya umeme husukuma mafuta kwenye silinda za miguu mitatu, na presha inapofika kiwango kilichowekwa, swichi ya presha huizima pampu, na mafuta hubaki yamefungiwa na vali isiyoyaruhusu kurudi. Presha ikishuka, swichi hiyo hiyo huiwasha pampu tena. Ndiyo maana dalili ya kuvuja kwa ndani hujitokeza angani: ndege imeondoka Songwe vizuri, magurudumu yamepanda, lakini kila baada ya dakika chache rubani anasikia mngurumo mfupi wa pampu na kuona mshale wa kipima umeme ukiruka.

Si kila mngurumo ni ubovu. Ndege iliyokaa juani kwenye kiwanja cha Hifadhi ya Ruaha kisha ikapanda futi 6,000 huingia katika hewa iliyopoa kwa takriban nyuzi 12, na mafuta yaliyofungiwa hupoa na kusinyaa, hivyo pampu ikiwaka mara moja au mbili na kutulia, sioni sababu ya kufungua kitu. Inayonitia wasiwasi ni ile inayorudia kwa vipindi vinavyozidi kufupika, kwa sababu mota hiyo haikuundwa kufanya kazi mfululizo, na ikiungua, presha inayobaki huisha na magurudumu huanza kulegea na kuning'inia ndege ikiwa safarini.

Kosa ninalolisikitikia zaidi ni kuongeza mafuta, au kununua pampu mpya, kabla ya kujua presha inapotelea wapi. Mafuta hayajapungua, na pampu inayowaka mara kwa mara mara nyingi ni nzima, inatii tu swichi. Kwanza ndege ipandishwe kwenye jeki zake, magurudumu yainuliwe, na muda kati ya mngurumo mmoja na mwingine upimwe kwa saa na kulinganishwa na kitabu cha matengenezo. Kipima presha kikionyesha kwamba presha haijashuka na bado pampu inawaka, swichi ndiyo mbovu. Ikiwa inashuka kweli, anza na kitufe cha kushushia magurudumu kwa dharura, kwani kazi yake ni kuachia presha hiyo hiyo, na kisiporudi sawasawa vali yake hubaki na mwanya. Baada ya hapo presha itolewe, mabomba ya mpira yanayopeleka mafuta kwenye silinda yaondolewe na kuzibwa, silinda moja baada ya nyingine, na kila mara kipimo kirudiwe. Silinda ambayo ikitengwa presha inatulia, hiyo ndiyo yenye tatizo.

Ndani yake mara nyingi utakuta oringi ya pistoni, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta kupita, imebapa upande mmoja, au imekatwa na chembe ya mchanga. Viwanja vyetu vya changarawe vina vumbi jingi, na vumbi linaloganda kwenye fimbo ya silinda hupenya hadi kwenye mafuta. Pitisha ukucha polepole kwenye ukuta wa silinda: ukikwama kwenye mkwaruzo, hata ule usioonekana bila tochi, oringi mpya itakatwa vilevile, na silinda yenyewe ndiyo ya kubadilishwa. Kisha mfumo ujazwe mafuta mekundu ya madini yaliyotajwa kitabuni, hewa itolewe, magurudumu yainuliwe tena, na fundi akae kando ya ndege na saa yake mkononi, akisikiliza.