Acheni kuwapaka askari rangi nyeusi

Swali limerudi tena kwa sisi tunaopaka rangi sanamu ndogo za michezo ya vita ya mezani: nyeusi gani inafaa kwa ngozi ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki)? Hakuna. Nyeusi ibaki kwenye mitutu ya bunduki. Anayenikera zaidi lakini si muulizaji, ni yule anayemjibu upesi: "Anza na nyeusi, halafu inua kwa kijivu." Matokeo yake ni kikosi kizima ambacho hakijapaka mafuta tangu Januari.

Kosa hili limetoka kwenye picha za zamani. Bamba na filamu nyingi za wakati wa vita vya 1914–1918 hazikuiona nyekundu. Chenye wekundu kilitoka cheusi, cha buluu kikatoka cheupecheupe. Ngozi ya kahawia ina wekundu mwingi, kwa hiyo picha iliikoleza kupita ilivyokuwa. Mchoraji anachanganya rangi huku akiitazama picha, na mwisho anakuwa amepaka picha, hakupaka mtu. Hata kwenye sare anadanganywa vilevile: alama nyekundu za cheo kwenye mkono wa askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zinaonekana nyeusi, na vitambaa vya buluu alivyozungushia miguuni vinaonekana vimefifia.

Haya, tuchanganye. Nachukulia sanamu zenu ni za madini, milimita 28, mishono ya kalibu imepigwa tupa, zimeoshwa kwa sabuni na zimepigwa praima ya kahawia au kijivu. Msingi wa ngozi, kwa akriliki: matone 3 ya kahawia iliyokolea, tone 1 la nyekundu ya matofali, nusu tone la buluu iliyokolea. Buluu inakoleza bila kuua wekundu, nyeusi inaua. Ongeza maji mpaka rangi iteleze bila kuchuruzika, paka mara mbili, na ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili. Ukiharakisha, brashi itaibandua ya chini na uso utajaa vipele.

Safu ya pili ni msingi uleule uliotiwa kahawia yenye uchungwa, 2 kwa 1. Iweke kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, kidevu na vifundo vya vidole. Safu ya tatu ongeza manjano ya udongo kidogo, na eneo lake liwe dogo kuliko la pili. Nyeupe usiiguse: ndani ya kahawia inazaa chaki, na ndipo ngozi inapopauka. Rangi nyepesi nyeusi ya kumwagia mikunjo nayo iache. Kwenye kaki inafanya kazi nzuri, lakini usoni inatuama chini ya macho na pembeni mwa pua, ikikauka inabaki kama masizi.

Sasa sehemu ambayo vitabu vya mafunzo huipita kimya. Ngozi iliyokolea inaonyesha mwanga kwa kuuakisi, na sehemu inayoakisi ni ndogo na ina ukingo mkali. Rangi isiyong'aa haiwezi kuakisi, hata uipandishe ngazi kumi. Ndiyo maana baada ya vanishi ya kufifisha mng'ao mimi hurudia paji la uso na ncha ya pua kwa vanishi ya mng'ao wa kati, iliyopunguzwa na maji. Hata hivyo sijaridhika. Ukiwa umesimama mita moja kutoka mezani, uso ulio chini ya tarbushi unapotea. Ukiupandisha mpaka uonekane, umemfanya mtu mwingine, mweupe kuliko uliyemkusudia. Nikibadilisha taa, nabadilisha na maoni. Kwa sasa napandisha safu ya tatu kupita kiasi na kuifanya finyu sana. Ukiishika mkononi inachusha kidogo, mezani inasomeka.

Macho: kijivu chenye uvuguvugu wa kahawia, mstari mwembamba, basi. Nyeupe tupu inamtoa macho askari na kumgeuza katuni ya dhihaka, na za namna hiyo zilichorwa za kutosha enzi zile. Midomo vivyo hivyo: safu ya pili yenye chembe ya waridi, mdomo wa chini tu. Viganja ni vyepesi kuliko mgongo wa mkono, ila mistari ya kiganja ibaki imekolea.

Na msipake askari kumi na wawili kwa mchanganyiko mmoja. Wissmann, mwanzilishi wa jeshi la Wajerumani, alianza mwaka 1889 na Wasudani na watu kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. KAR ilikuwa na Wayao, Wanandi, Wasudani. Hii haina maana ya kugawa rangi kwa kabila, upuuzi mwingine huo, maana ndani ya ukoo mmoja rangi zinatofautiana. Tengeneza michanganyiko mitatu, uisambaze bila mpango.

Kwa kuwa nimeshakasirika: KAR hawakuwemo kwenye shambulio la Tanga, Novemba 1914. Waliotua walikuwa jeshi kutoka India, pamoja na batalioni ya North Lancashire. Upande wa Wajerumani, wengi bado walikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871 yenye baruti ya moshi, kwa hiyo kuweka pamba mezani kama moshi kunaruhusiwa.

Kaki msiisumbukie sana. Ikiwa ya manjano mno, uso ulio juu yake unaonekana wa kijivu. Hilo ndilo la kuangalia. Schutztruppe wa baada ya pigano la Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917, wapewe nguo na bunduki za Wareno walizozitwaa pale.

Wapagazi ndio mtihani wenyewe, na ndio wanaokosekana mezani ingawa bila wao hakuna kombania iliyosogea. Mgongo wazi hauna sare ya kuficha makosa. Acha msingi kwenye bonde la uti wa mgongo na chini ya mbavu, panda mabegani ambako mzigo unavuta ngozi, na unganisha safu zingali mbichi. Shuka ya merikani, kitambaa cha pamba, ni nyeupe iliyotiwa manjano ya udongo, chafu kwenye pindo. Kaniki ni buluu iliyokolea, ikaribie nyeusi lakini isifike.