Fursa ya biashara huonwa au hutengenezwa? Swali la kwanza la mwalimu wa ujasiriamali

Nikipewa kozi mpya ya ujasiriamali, sianzi na orodha ya mada. Naanza na swali ambalo mitaala mingi hulipita: fursa ya biashara ipo tayari inangoja kuonwa, au huzaliwa mikononi mwa anayeihangaikia? Jibu lako, hata usipolitamka, ndilo litakaloamua mtihani utakaotunga.

Mwanauchumi Israel Kirzner, katika kitabu chake cha 1973, alimchora mjasiriamali kama mtu aliye macho, anayeona pengo la bei ambalo wenzake wamelipita. Ukimfuata, darasa lako litakuwa la kunoa jicho: wanafunzi walinganishe bei, wasikilize wateja wanalalamikia nini.

Saras Sarasvathy, mtafiti wa ujasiriamali, alishika njia nyingine. Katika makala yake ya 2001 alieleza mantiki ya kuanza na ulichonacho: wewe ni nani, unajua nini, unamjua nani. Lengo hujitokeza njiani, na badala ya kukokotoa faida unayoitarajia, unajiuliza ni hasara gani unaweza kuibeba. Mimi naegemea upande huu, na sababu yangu ni ya zamani kuliko wote wawili.

Mwaka 1921 mwanauchumi Frank Knight alitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Kuna hatari inayopimika: kampuni ya bima haijui nyumba ipi itaungua, lakini ikiwa na rekodi za nyumba nyingi inaweza kukadiria. Halafu kuna kutojua kusikopimika, kwa kuwa jambo lenyewe halina mifano ya kuhesabu. Kwa Knight, faida ya mjasiriamali hutokana na hali hii ya pili. Sasa mfikirie mwanafunzi anayeandika makadirio ya mauzo ya miaka mitano ya bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuinunua. Jedwali linapendeza, jumla ziko sawa, na hakuna namba hata moja iliyotoka kwa mteja. Kwa miaka kadhaa majedwali hayo niliyapa sehemu kubwa ya alama. Nilikuwa napima unadhifu nikidhani napima uamuzi.

Mwanafalsafa Aristotle aliona kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hisabati lakini akakosa busara ya kutenda, maana busara hiyo hutokana na mambo mtu aliyoyapitia, na hayo yanataka muda. Wapo wanaotumia hoja hii kusema ujasiriamali haufundishiki. Sikubaliani nao. Siwezi kumpa mwanafunzi miaka ishirini, lakini ndani ya muhula mmoja naweza kumpa maamuzi madogo mengi.

Ila si kila uzoefu unaelimisha, kama mwanafalsafa wa elimu John Dewey alivyoonya mwaka 1938. Anayeuza kwa bahati anaweza kurudi na imani potofu kuliko aliyoondoka nayo. Ndiyo maana kabla ya kwenda kwa mteja, mwanafunzi wangu huandika anatarajia nini, kwa nini, na yuko tayari kupoteza kiasi gani. Akirudi anaandika kilichotokea na dhana gani imeanguka.

Nasahihisha kurasa hizo mbili kwa pamoja. Aliyepata hasara akaeleza waziwazi kilichomwangusha hupata alama nyingi kuliko aliyepata faida asijue imetoka wapi. Wanafunzi hulalamika karibu kila muhula, na bado sijaibadilisha kanuni hiyo.