Kwa nini sitengenezi waya wa plagi mbili, na ninachofunga badala yake

Mvua ndefu zikianza Nairobi, miti ikaangukia nyaya na mitaa ikaanza kulala gizani, huwa napokea ombi lile lile: "Fundi, nitengenezee ule waya wa plagi mbili." Ni waya wenye plagi ya pini tatu huku na huku. Ncha moja inachomekwa kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Kuutengeneza si kazi, na bei yake ni ndogo. Mimi siutengenezi, hata kwa mteja wa siku nyingi.

Hatari ya kwanza inaonekana kwa macho. Jenereta ikiwa inanguruma na plagi ikachomoka ukutani, pini zake zimebaki wazi na zina volti 240. Atakayeiokota sakafuni ndiye atakayekipata kipigo.

Hatari ya pili haionekani kabisa, kwa sababu iko nje ya ua. Swichi kuu ikiwa imewashwa, umeme wa jenereta unapita kwenye mita na kurudi nguzoni. Transfoma ya mtaani hupokea volti 11,000 na kuzishusha hadi 415 kwa fezi tatu, yaani 240 kati ya fezi moja na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Lakini transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukiisukumia 240 kutoka kwako, upande wa pili zinatoka maelfu.

Hapo mteja huniambia jenereta yake ni ndogo, kwamba ikibebeshwa mtaa mzima itazimika yenyewe. Mara nyingine ni kweli. Tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokosa stima, nyaya zenyewe zilikuwa hazijakatika. Jenereta ya nyumba moja ingekutana na friji na pampu za majirani wote na kulemewa papo hapo. Lakini fikiria usiku wa dhoruba. Tawi limekata waya kati ya nyumba yako na nguzo ya tatu. Kipande kilichobaki upande wako kina nyumba mbili tu, labda yako peke yake. Jenereta haitalemewa hata kidogo. Itanguruma vizuri, na ule waya uliolala kwenye matope kando ya njia una moto, yaani umeme. Mafundi wa laini hupima waya kabla ya kuushika, lakini wewe unaweza kuwasha jenereta baada yao kupima. Na anayerudi nyumbani kwa miguu usiku ule hana kipimo chochote.

Kisha kuna siku stima inarudi ghafla jenereta ikiwa bado imeunganishwa. Mawimbi ya umeme wa pande hizo mbili hayaendi sambamba, na anayeshindwa daima ni jenereta. Nimefungua moja iliyopitia hayo huko Utawala: koili zote nyeusi, harufu ya varnishi iliyoungua, hakuna cha kuokoa.

"Lakini mimi huzima swichi kuu kwanza." Naamini unazima. Je, kijana wako anazima? Dada wa kazi aliyeachiwa nyumba? Wewe mwenyewe, saa nne usiku, ukishika tochi ya simu kwa meno? Usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu gizani siuhesabu kuwa usalama.

Ninachofunga ni chenjiova. Ni swichi yenye nafasi tatu: 1 ni stima ya Kenya Power, 0 ni kuzima, 2 ni jenereta. Kwa umbo lake haiwezi kuwa 1 na 2 kwa wakati mmoja. Lazima ipite sifuri. Inakaa kati ya mita na kisanduku cha breka. Kwa nyumba ya fezi moja nataka ile inayokata laivu (waya wenye moto) na nyutro zote mbili. Kwa fezi tatu, ile inayokata nyaya nne: fezi zote tatu na nyutro. Jenereta inaingilia kwenye soketi yake ya nje, ile ya bluu ya viwandani yenye kifuniko, ambayo pini zenye moto huwa zimejificha daima.

Kosa ninalokuta mara nyingi ni la ukubwa. Mtu anaenda madukani River Road, anasema jenereta yake ni ndogo, anauziwa chenjiova ya ampea 32. Anasahau kwamba swichi hiyo hiyo itabeba stima ya Kenya Power siku zote nyingine za mwaka, pamoja na shawa ya moto, birika na pasi asubuhi moja. Swichi inachaguliwa kwa kufuata njia iliyo kubwa zaidi. Nyumba nyingi hapa ninazifungia ya ampea 63, na jenereta nailinda kwa breka yake ndogo.

Kuifunga kunahitaji kukata stima kabla ya mita, na huko kuna sili ambayo si yangu wala yako kuivunja. Kenya Power wenyewe ndio hukata. Fundi naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mwombe akuonyeshe, hakuna aliye nayo atakayekasirika.

Sasa athi, yaani kuunganisha na ardhi, ambayo hata mafundi wazuri huiruka. Jenereta nyingi ndogo za petroli hutoka kiwandani nyutro ikiwa inaelea, haijaunganishwa na bodi ya chuma wala ardhi. Chenjiova ikikata nyutro ya Kenya Power, nyumba yako inabaki na nyutro inayoelea. Friji ikivujisha umeme kwenye bodi yake, umeme huo hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, kwa hiyo RCD, swichi ya kukata umeme unapovuja, haioni kitu na haianguki. Dawa ni kuunganisha nyutro na athi upande wa jenereta, mahali pamoja tu na kabla ya RCD, kisha kuifunga jenereta kwenye fimbo ya athi ya nyumba. Soma kitabu cha jenereta kwanza, maana baadhi ya zile za inveta, zinazotengeneza wimbi la umeme kwa elektroniki, hazitaki kuunganishwa hivyo. Na usidanganywe na kitufe cha majaribio cha RCD: hicho hujaribu mtambo wake wa ndani tu, kitaangusha swichi hata kama athi haipo kabisa. Mimi hutumia kipimo, jenereta ikiwa inawaka.

Kuhusu nguvu, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake hapa. Iliyoandikwa kilowati 5 itegemee kwa 4, na uangalie kama hiyo 5 ni ya kuendelea au ni ya juu kabisa kwa dakika chache. Pampu ya maji yenye nguvu ya farasi mmoja huvuta mara kadhaa ya kawaida yake inapoanza. Shawa ya moto peke yake huvuka kilowati 5, kwa hiyo breka yake inazimwa kabla ya kugeuza swichi. Ninaibandikia karatasi nyekundu.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, mita sita hivi ukiwa na nafasi, bomba la moshi likiangalia kwingine. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Varanda na gereji si nje, hata mlango ukiwa wazi. Washa injini bila mzigo, ipate joto, ndipo ugeuze swichi kwenda 2; na usiongeze petroli injini ikiwa moto.

Anayeishi ghorofa ya tano Kileleshwa akiniuliza jenereta ya kuweka kwenye balkoni, jibu langu ni hapana. Namfungia inveta na betri kwa taa, intaneti na friji. Hata hiyo inapitia chenjiova yake.