Koo la kenge

Mtu asiyesikia la mkuu huambiwa ana sikio la kenge: hasikii mpaka litoke damu. Mimi natafiti kenge, na sikio lake naliona vizuri tu, tundu kubwa nyuma ya jicho, ngoma yake wazi kabisa. Anasikia. Ila leo simtetei kwa sikio. Nataka tutazame koo.

Nasema kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis, mwenye pua butu na mwili mnene, anayeishi kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Kenge maji, yule wa msafara wa mamba, ni mwingine.

Mjusi hukimbia kwa kujipinda kulia na kushoto, na misuli ya mbavu inayompinda ndiyo hiyo hiyo inayovuta pumzi. Kazi mbili kwa wakati mmoja haziwezekani, ndiyo maana mjusi wa ukutani hukurupuka, husimama, hukurupuka tena. Kenge kapata njia: hujaza hewa kooni, kisha hulibana koo na kuisukuma hewa mapafuni, karibu kama chura. Mwaka 1999 jambo hili lilipimwa kwa ndugu yake, Varanus exanthematicus, akitembezwa kwenye mashine ya kukimbilia. Alipozuiwa kutumia koo, oksijeni aliyovuta ilipungua kadiri mwendo ulivyozidi.

Pumzi hiyo ndiyo inayomfanya awe mzururaji. Huko Etosha, Namibia, dume mmoja alionekana kutumia eneo la kilomita za mraba 18 hivi, jike kama 6. Mvua zikinyesha hutembea kutwa akizoa konokono, jongoo, dundu, mayai, hata nyoka, na kunenepa. Ukame ukiingia hujibanza shimoni au mtini, akikaa karibu bila kula, akitumia mafuta aliyoweka mwilini. Cha ajabu, ni katika ukame huo huo ndipo hupandana: jike hukaa mtini, na dume, mwenye njaa, hufunga safari kumfuata.

Ukimkamata hufoka, hujivimbisha na kuchapa kwa mkia, na mkia huo unauma kuliko unavyodhani. Akishindwa, hulegea na kujifanya amekufa. Nimedanganyika mara mbili. Ya pili niligeuka kuchukua rula, nikarudi nikakuta nyasi zinatikisika.