Sudo inaiona skana, wewe huioni: dhana potofu na ukweli

"Skana imekufa." Hayo ndiyo maneno ya kwanza kwenye Linux pale scanimage -L, amri ya kuorodhesha skana, inaporudi mikono mitupu. Kabla hujaizika, rudia amri hiyohiyo kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Ikijitokeza, basi kebo ni nzima na draiva ni nzima. Kinachokosekana ni ruhusa.

"Nimeshajiweka kwenye kikundi cha scanner, yamekwisha." Bado. Amri ya usermod -aG huandika jina lako katika /etc/group, ila kikao chako hupewa vikundi vyake wakati wa kuingia tu. Andika id peke yake, uone vikundi vya kikao kilichopo. Kisha andika id na jina lako, uone kilichoandikwa kwenye faili. Majibu yakipishana, toka kabisa uingie upya. Kufungua dirisha jingine la terminali hakusaidii kitu. (Na hiyo herufi a usiiache: bila yake, -G hukuondoa kwenye vikundi vyako vingine vyote vya ziada, hata kile kinachokupa sudo.)

Tena, kwenye Linux nyingi za leo hata kikundi si lazima. Skana ikichomekwa, udev (programu inayosimamia vifaa) huilinganisha na orodha ya SANE, mfumo wa skana wa Linux, na kuipa lebo ya uaccess; kisha systemd-logind, inayosimamia vikao vya watumiaji, humpa ruhusa mtu aliyeketi mbele ya mashine na ambaye kikao chake ndicho kinachotumika. Yaani ruhusa inafuata kiti. Mwenzako akibadilisha mtumiaji na kuingia yeye, inahamia kwake. Ukiingia kutoka mbali kwa ssh huna kiti, kwa hiyo scanimage kushindwa huko si ushahidi kwamba skana ni mbovu. Hapo ndipo kikundi kinapofaa.

Hakikisha kwa macho. Tazama namba za skana kwenye lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, tuseme basi 001 na kifaa 006, kisha:

ls -l /dev/bus/usb/001/006

Ukiona crw-rw-r--+, kitazame hicho kialama cha kujumlisha mwishoni: kuna ruhusa za ziada, na amri ya getfacl kwenye faili hiyo itakuonyesha ni za nani. Jina lako likiwemo na rw-, ruhusa unayo. Tafuta kosa kwingine.

"Chmod 666 inamaliza kazi." Amri hiyo humruhusu kila mtu kusoma na kuandika kwenye faili ya kifaa, ila inamaliza mpaka uchomoe kebo. Ukiirudisha, faili ya kifaa huundwa upya, kwa kawaida ikiwa na namba mpya, na chmod yako imekwenda na ile ya zamani.

Dawa ya kudumu ni kanuni ya udev, yaani faili ya maagizo inayoipa skana lebo hiyo kila inapochomekwa, na hapa wengi hujikwaa kwenye jina la faili. Wanaiita 99-skana.rules wakiamini ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Lakini lebo ya uaccess hushughulikiwa na 73-seat-late.rules; ukiibandika baada ya hapo, gari limeshaondoka. Iite 60-skana.rules, endesha udevadm control --reload, chomoa skana, chomeka tena, kisha rudia ile ls -l kwa namba mpya.