Madoa na kutu kwenye lusani: yanasambaaje?

Mvua zikikolea tu wafugaji wenzangu wananiuliza haya maswali kila siku, so nayajibu yote hapa. Lusani ndo yale majani ya kulisha mifugo ambayo wengine wanaita alfalfa.

Vidoa vyeusi kwenye majani ni mbolea imepungua?

Hapana, hiyo ni kuvu. Ni viduara vya kahawia au vyeusi, milimita 1 hadi 3 hivi, vinaanzia majani ya chini vinapanda juu. Chuma jani lililolowa ulisogeze karibu na macho, katikati ya doa utaona kakivimbe kadogo, pale ndo mbegu za kuvu zinapotengenezwa na pakilowa zinafyatuka hewani, ni ndogo mno huzioni, upepo unazichukua. Ukipangusa jani kwa kidole kikabaki na unga mwekundu kama wa bati bovu, hiyo ni kutu, ugonjwa mwingine kabisa, na unga wake unaweza kutoka hata shamba la mbali.

Mbona kiangazi hatuyaoni sana?

Mbegu ya kuvu ikitua kwenye jani kavu haioti. Inataka jani likae na maji masaa kadhaa, yawe ya mvua au umande, na lusani iliyobanana hadi hewa haipiti inachelewa sana kukauka. Kuna na chule, ugonjwa mwingine wa kuvu unaoshika shina, wenyewe hautegemei upepo, tone la mvua likipiga shina lenye ugonjwa maji yanaruka na mbegu zake hadi shina la pili.

Basi ni hali ya hewa, mimi sihusiki?

Unahusika sana ndugu yangu! Unaingia alfajiri umande haujakauka, buti limelowa, suruali imelowa hadi magotini, panga limejaa utomvu na vipande vya majani, halafu ukimaliza hapo unahamia kipande kile kizuri ulichopanda juzi. Umekipelekea ugonjwa kwa mkono wako. Subiri jua likaushe majani, anza na kipande kichanga, chenye madoa kiwe cha mwisho, na panga ulioshe.

Nipige dawa?

Mimi kwa chakula cha mifugo nasema kata kwanza. Madoa yakianza kupanda usingoje maua yajae, kata mapema majani yakiwa bado yameshika, ukichelewa yanadondoka na kuvu inajificha humo humo chini ikisubiri machipukizi mapya. Usiache lundo shambani.

Ng'ombe akila ataugua?

Madoa yenyewe hayamuui, ila protini nyingi iko kwenye majani na majani yakishadondoka unampelekea vijiti, maziwa lazima yashuke. Wenye kondoo mniskilize hapa: lusani iliyoshambuliwa na kuvu inajaza kitu kinaitwa kumestroli, mwilini kinafanya kazi kama homoni ya kike, na majike wakiila kwa wingi kipindi cha kupandwa uzazi unapungua. Wiki hizo watafutie malisho mengine.