Kulungu jike akizeeka anaendelea kuzaa? Maswali yenu na majibu

Wiki hii kinamama wa huku Dar mmeniuliza sana kuhusu kulungu, wengi mmeona kwenye tivii kulungu mzee ana mtoto pembeni, mkajiuliza mbona yeye anazaa uzeeni na sisi hedhi inakata. Nimeyakusanya maswali, nayajibu hapa.

Swali: Kulungu jike anaanza kuzaa lini na anaacha lini?
Jibu: Naongelea kulungu mwekundu wa Ulaya, yule ambaye dume lake lina pembe za matawi, sio hawa wa misitu yetu. Wamefuatiliwa sana kisiwa cha Rum kule Scotland, tangu 1972 kila jike wa eneo la utafiti anajulikana mmoja mmoja na anaandikwa kazaa lini, mtoto kapona au kafa. Pale jike anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 au 4, mimba ni kama miezi 8, mtoto kwa kawaida mmoja tu. Akishapita miaka 9 hivi uzazi unaanza kushuka, mwanzoni taratibu alafu kwa kasi. Ila hana kikomo kama sisi, wapo wanaozaa mpaka karibu na kufa.

Swali: Kwani mayai yanamuishia?
Jibu: Kikubwa ni mwili kuchoka, na ukitaka kuelewa angalia meno. Huyu anaishi kwa kutafuna na kucheua, magego yanalika mwaka hadi mwaka mpaka yanabaki bapa, majani hayasagiki vizuri, basi anaingia msimu wa kupandwa amekonda na jike aliyekonda anachelewa kushika mimba au hashiki kabisa mwaka huo. Hata akizaa, mtoto ana uzito mdogo na kazaliwa nyuma ya wenzake, baridi inamkuta bado mdogo.

Swali: Nasikia wanaozaa sana ujanani wanazeeka haraka, kweli?
Jibu: Kwa kulungu wa Rum ndiyo, waliozaa mfululizo mapema uzazi wao ulishuka kwa kasi zaidi uzeeni. Na cha ajabu kinachowamaliza zaidi ni kunyonyesha kuliko mimba, maana jike aliyefiwa na mtoto siku za mwanzo, yaani kabeba mimba lakini hakunyonyesha, mwaka unaofuata anashika mimba kirahisi kuliko mwenzie aliyenyonyesha. Naomba msilichukue hili mkaacha kunyonyesha jamani! Wewe mpe mtoto ziwa, ila pumzika angalau miezi 24 toka kujifungua kabla ya kubeba nyingine, huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani na uzazi wa mpango mnapata kliniki.

Swali: Nina miaka 39, nakula vizuri, sijakonda, si nitazaa tu kama kulungu?
Jibu: Dada yangu hapa ndo watu wengi wanapotea. Kwetu shida kubwa ni mayai yenyewe, msichana anazaliwa na mayai kama milioni 1 mpaka 2, akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, na kuanzia miaka 35 yanapungua haraka na ubora unashuka, hata uwe na afya ya chuma. Kwa hiyo usisubiri. Chini ya miaka 35 mkijaribu mwaka mzima bila mimba nendeni hospitali, ukishafika 35 ni miezi 6, na ukipita 40 nenda mapema zaidi. Na nasema nendeni, baba naye apimwe mbegu, tatizo linaweza kuwa kwake kabisa huku wewe unanywa madawa ya kila aina.

Swali: Nimeuziwa unga wa pembe ya kulungu Mbagala, eti unarudisha mayai?
Jibu: Hakuna unga unaorudisha mayai. Tena huyo kulungu jike hata pembe hana, na anazaa. Acha kuutumia, na ukienda kwa daktari mwambie umetumia nini na kwa muda gani, usimfiche.